Mnyama Aliyesingiziwa: Miaka 500 ya Kumtafiti Oposumu

Mwaka 1500, nahodha Vicente Yáñez Pinzón, yule aliyeiongoza merikebu ya Niña katika safari ya kwanza ya Columbus, alikuwa akiambaa na pwani ya Brazil. Mabaharia wake wakamkamata mnyama ambaye hawajapata kumwona: jike mwenye mfuko wa ngozi tumboni, na mfukoni mna watoto. Wakampakia merikebuni wakamwonyeshe mfalme Ferdinand na malkia Isabella. Watoto walifia safarini, na mama yao naye akawafuata, lakini mzoga ulifika Hispania. Mwanachuoni Peter Martyr, aliyekuwa akiandika habari za safari hizo, aliuona kwa macho yake. Alipotaka kuueleza ilimbidi aazime viungo vya viumbe wengine: pua ya mbweha, mkia wa tumbili, masikio ya popo, mikono kama ya mtu.

Huyo alikuwa oposumu. Mwili wake hauzidi sana wa paka, pua imechongoka, mkia hauna manyoya na unaweza kushika tawi, na kinywani ana meno 50, wingi ambao mamalia wachache wa nchi kavu wanao. Wakati ule wasomi wa Ulaya hawakuwa wamesikia habari za kangaruu. Mnyama anayewalea watoto wake mfukoni hakuwamo katika vitabu vyao, na kilichokosekana vitabuni kilihesabiwa kuwa kioja.

Wenyeji wa Amerika hawakumwona hivyo. Wanahua wa Mexico walimfahamu vizuri, na mtawa Bernardino de Sahagún, aliyekusanya maarifa yao katika karne ya 16, aliandika kwamba mkia wa oposumu ulikuwa dawa ya mwanamke aliyechelewa kujifungua. Katika ngano za Mexico oposumu ndiye aliyewaibia binadamu moto na kuubeba kwa mkia wake. Kaskazini zaidi, huko Virginia, Waingereza waliofika mwanzoni mwa karne ya 17 walipokea jina lake kutoka kwa Wapowhatan, na mwaka 1612 kapteni John Smith akamweleza kwa wasomaji wa Uingereza: kichwa cha nguruwe, mkia wa panya, ukubwa wa paka, na chini ya tumbo mfuko wa kubebea na kunyonyeshea watoto. Maelezo ya Smith ni mafupi, lakini yana heshima kuliko mengi yaliyofuata.

Maana uvumi ulianza mapema, nao ukakaa. Walowezi wengi waliamini kwamba oposumu hupandana kupitia puani, kisha jike huingiza pua mfukoni na kuwapigia chafya watoto wakaingia. Uzushi huo haukutoka hewani. Dume ana uume wenye ncha mbili, na mtu aliyemwona akichunwa alijiuliza ncha hizo ni za nini. Akaona pua ina matundu mawili, akajijibu. Tena, jike anapokaribia kuzaa huingiza kichwa mfukoni na kulambalamba. Mambo hayo mawili yalionekana kweli. Lililokosekana ni mtu wa kukaa na kutazama kilichotokea katikati.

Aliyeanza kulifungua fumbo hilo kwa kisu ni Edward Tyson, tabibu wa London. Mwaka 1698 alimpasua oposumu jike aliyeletwa kutoka Virginia, na maelezo yake yakachapishwa na Royal Society. Tyson aligundua kwamba jike ana miji miwili ya mimba, na njia zake za uzazi nazo ni mbili, zimepinda kila moja upande wake. Akaona pia mifupa miwili iliyoshikamana na nyonga kuelekea mfukoni, ambayo wanyama wa Ulaya hawana. Mwaka 1704 mwenzake William Cowper alieleza viungo vya dume, na sababu ya ncha mbili ikaeleweka. Pua haikuhusika tena. Linnaeus alipopanga wanyama wote mwaka 1758 alimwita Didelphis, yaani mwenye matumbo mawili ya uzazi.

Lakini mzoga una mpaka wa kile unachoweza kusema. Tyson alionyesha watoto wanatunzwa wapi kabla ya kuzaliwa na wapi baada yake. Hakuweza kuonyesha wanavyovuka kutoka huku kwenda kule. Kwa zaidi ya miaka 200 baada yake wasomi walibishana. Kuna waliosema watoto huchipuka kwenye chuchu. Wengine walisema mama huwachukua kwa midomo au kwa mikono akawapachika. Huko Charleston, mchungaji John Bachman, aliyeshirikiana na mchoraji Audubon katika kitabu kikubwa cha wanyama wa Amerika Kaskazini, aliandika mwaka 1848 juu ya uzazi wa oposumu akijaribu kuzima porojo. Huko Ujerumani, Emil Selenka alifuga oposumu mjini Erlangen na mwaka 1887 akachapisha uchunguzi wa jinsi mimba yao inavyokua. Selenka aliona jambo ambalo mpaka leo huwashangaza wanabaiolojia: mbegu za kiume za oposumu huogelea mbili mbili, zimeshikana vichwa, na huachana baadaye tu. Hata hivyo, kuzaliwa kwenyewe kulibaki gizani, kwa sababu oposumu ni mnyama wa usiku na mimba yake ni fupi mno. Humaliza siku 13 hivi tu.

Mtu aliyelikata shauri hilo ni Carl Hartman wa Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin. Hartman aliishi katika nchi ya oposumu, ambako wanapatikana mashambani na hata nyuma ya nyumba za mjini, na kwa miaka mingi aliwafuga na kuwachunguza kwa mamia. Alijifunza kukadiria siku ambayo jike atazaa, kisha akakesha. Mwaka 1920 alichapisha alichokiona.

Jike huketi kitako, akaukunja mgongo, mkia ukatokeza mbele kati ya miguu. Hujilamba. Watoto hutoka mmoja baada ya mwingine, wekundu, macho yamefumba, masikio hayajaumbika, miguu ya nyuma ni vijiuvimbe tu. Mmoja ana uzito wa chini ya robo ya gramu. Watoto 20 wanaenea katika kijiko cha chai. Lakini mikono ya mbele ya kiumbe huyo ina nguvu, na vidole vina kucha. Anapotua kwenye manyoya ya mama yake huanza kupanda kwa kupokezana mikono, huku na huku, kichwa kikipepesuka kila hatua, mpaka mfukoni. Mama hambebi. Anachofanya ni kumlamba ili amtoe katika maji na utando wa uzazi. Hartman alipowaweka watoto wachanga mahali pa mwinamo waliendelea kupanda juu, na aliowabandua kutoka kwenye chuchu waliweza kuitafuta tena.

Ndani ya mfuko kuna kazi nyingine, nayo ni ya kikatili. Kwa kawaida oposumu ana chuchu 13, zimepangwa kwa umbo la duara na moja katikati, lakini anaweza kuzaa watoto zaidi ya 20. Anayefika na kukamata chuchu huing'ang'ania kwa takriban miezi miwili, nayo huvimba kinywani mwake hata asiweze kuiachia kwa urahisi. Anayefika akakuta zote zimeshikwa hufa. Mtihani wake mkubwa wa maisha hukamilika dakika chache baada ya kuzaliwa, kabla macho hayajafumbuka.

Ninampenda Hartman kwa jambo moja zaidi. Alipokwisha kuuvunja uzushi wa pua hakuwacheka waliouamini. Aliukusanya, akaufuatilia ulikotoka na ulivyosafiri, na mwaka 1921 akauchapisha katika jarida la masimulizi ya jadi la Marekani. Aliona kwamba uvumi nao una historia inayostahili kuandikwa. Mwaka 1952, akiwa mzee, alitoa kitabu kizima juu ya oposumu, na mtu akikisoma anaona wazi kwamba mnyama huyu alikaa moyoni mwake muda wote, ingawa kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa imehamia kwa nyani wa maabara.

Singizio jingine lilihusu kujifanya maiti. Oposumu akibanwa na mbwa huanguka ubavu, mdomo wazi, ulimi nje, mate yakimtiririka, na nyuma hutoa majimaji yanayonuka mzoga. Unaweza kumgeuza na kumwinua kwa mkia asitikisike. Hali hiyo inaweza kuwa ya dakika chache au ya saa kadhaa. Watu walimwita mjanja, wengine wakasema ni mwoga aliyezimia. Mwaka 1964 watafiti walimpachika oposumu vipimo vya mawimbi ya ubongo na kutoa matokeo katika jarida la Nature: ubongo wa oposumu aliyelala kama maiti hautofautiani na wa oposumu aliye macho.  Utafiti wa mwaka 1985 uliongeza upande wa pili wa habari: mapigo ya moyo hushuka karibu nusu, pumzi hupungua na joto la mwili huteremka kidogo. Kwa hiyo si ujanja wa kukusudia wala si kuzimia. Ni mwili unaojishusha wenyewe huku akili ikikesha, na mpaka leo sijasoma maelezo ya hali ya mnyama yanayonigusa kuliko hayo.

Kuhusu uwezo wa oposumu wa kustahimili sumu ya nyoka, historia inapitia mahali pa huzuni. Mwaka 1970 serikali ya kijeshi ya Brazil iliwaondoa kazini wanasayansi 10 wa Taasisi ya Oswaldo Cruz, Rio de Janeiro. Mmoja wao, Haity Moussatché, akaenda kufanya kazi Venezuela. Akiwa ugenini alichunguza kwa nini oposumu anaumwa na nyoka wa jamii ya jararaca, anaumwa tena, kisha anamla nyoka mwenyewe. Aliporudi Brazil katika miaka ya 1980 kazi iliendelea, na kundi la mtafiti Jonas Perales likatenga kutoka kwenye damu ya oposumu protini zinazokamata na kuzima vimeng'enya vya sumu vinavyoharibu mishipa na nyama. Sumu ya kifutu, nyoka anayewalemaza wakulima na wachungaji wetu wa Afrika Mashariki, nayo ina vimeng'enya vya kundi hilo. Hiyo ndiyo sababu utafiti huo wa Rio haupaswi kuwa mbali na macho yetu.

Pamoja na hayo, kusingiziwa hakukuisha, ila sasa kulikuja kwa sura ya sifa. Mwaka 2009 watafiti wa jimbo la New York waliwaweka wanyama mbalimbali wa porini katika vizimba, wakawapandikiza kupe wachanga 100 kila mmoja, kisha wakahesabu walioshiba na kudondoka. Kwa oposumu, walioonekana tena walikuwa wachache sana. Wakakadiria kwamba waliobaki aliwameza alipokuwa akijisafisha manyoya. Habari ikaenea Marekani nzima kwamba oposumu mmoja hula kupe maelfu kwa msimu, na watu wakaanza kumpenda kwa ajili hiyo. Mwaka 2021 watafiti wengine walipasua matumbo ya oposumu 32 wa porini wa jimbo la Illinois, wakachunguza kila kitu kilichomo kwa darubini. Hawakuona kupe hata mmoja. Si kwamba wa kwanza walidanganya; hesabu yao ilihusu mnyama aliyefungwa kizimbani, na hakuna aliyekwenda kutazama tumbo la aliye huru. Oposumu hahitaji sifa ya uongo ili aachwe aishi.

Sasa nifike kwa utafiti ambao, kwa maoni yangu, ndio mkubwa kuliko tafiti zote alizofanyiwa mnyama huyu.

Steven Austad alikuwa amefundisha simba kwa ajili ya filamu kabla hajawa mwanabaiolojia. Katika miaka ya 1980, yeye na mwenzake Mel Sunquist walifanya kazi kwenye mbuga za llanos, Venezuela, wakitaka kujua kama mama mwenye afya nzuri huzaa madume zaidi. Waliwapelekea baadhi ya majike chakula cha ziada, samaki aina ya sadini, na mwaka 1986 wakaripoti kwamba majike hao walizaa wana wa kiume 1.4 kwa kila wa kike 1. Ni matokeo yanayosomwa hadi leo. Lakini kilichomkaa Austad rohoni ni kingine. Alikuwa akiwanasa majike wale wale mwezi baada ya mwezi. Leo anamshika jike imara, mwenye nguvu za kumng'ata. Miezi michache baadaye anamshika yule yule amekonda, ana mtoto wa jicho, viungo vimekakamaa, vimelea vimemjaa. Mnyama wa ukubwa wa paka, ilhali paka wa nyumbani anaweza kuishi miaka 15, alikuwa anazeeka kabla ya kutimiza miaka 2.

Kwa nini? Wanabaiolojia Peter Medawar, mwaka 1952, na George Williams, mwaka 1957, walikuwa wametoa hoja moja yenye uzito. Kiumbe anayeishi katikati ya maadui ana nafasi ndogo ya kuufikia uzee hata kama mwili wake ungeweza. Uteuzi wa asili haupati nafasi ya kumsafisha kasoro zinazojitokeza uzeeni, na huipendelea miili inayozaa upesi na kwa wingi. Kwa hiyo, mahali ambapo maadui hawapo, vizazi vikipita, wanyama wanatakiwa kuzeeka polepole. Hoja ilikuwa nzuri, lakini ushahidi wa porini ulikuwa haba. Austad akawa na swali la wazi: je, kuna mahali ambapo oposumu wameishi muda mrefu bila maadui?

Palikuwapo. Sapelo ni kisiwa cha pwani ya Georgia, kilichotengana na bara miaka kati ya 4,000 na 5,000 iliyopita. Hapakuwa na mbweha wala paka-mwitu wala koyote wa kuwasumbua oposumu wa huko.  Austad alipofika aliwakuta oposumu wakitembea mchana kweupe na kulala mahali pa wazi, jambo ambalo oposumu wa bara angelilipia kwa uhai wake.

Aliwavisha majike kola zenye redio kisiwani, akafanya vivyo hivyo bara, kwenye eneo la Savannah River, South Carolina. Kisha akawafuata mmoja mmoja mpaka kufa. Kazi ya namna hiyo haina njia ya mkato. Mtu anazunguka na antena kichakani kutafuta mlio, anatega mitego, anapima mimba na watoto mfukoni, na mara nyingine anachokipata ni kola peke yake karibu na mifupa iliyotafunwa. Bara, zaidi ya nusu ya vifo vilisababishwa na wanyama wawindaji.

Matokeo aliyatoa mwaka 1993. Majike wa kisiwani waliishi wastani wa asilimia 25 zaidi. Wa bara aliyeishi kuliko wote alifikisha miezi 31. Wa kisiwani alifikisha miezi 45. Wa kisiwani walizaa watoto wachache kwa mara moja, wastani wa 5.7 dhidi ya 7.6 wa bara, lakini mwaka wao wa pili wa kuzaa waliufanya vizuri kama wa kwanza, ilhali wa bara walikuwa wamechoka. Kulikuwa na kipimo kingine chenye uzito zaidi. Austad alichukua nyuzi za kano za mkia na kupima jinsi zinavyokakamaa kadiri umri unavyokwenda, kwa kuwa kolajeni, protini ya kano, hukakamaa mwili unapozeeka. Kano za oposumu wa Sapelo zilikakamaa polepole zaidi. Maana yake, hawakuishi zaidi kwa sababu tu hapakuwa na wa kuwaua. Miili yenyewe ilikuwa ikizeeka taratibu.

Inafaa kusema kwamba kisiwa ni kimoja na eneo la bara ni moja, na tofauti za chakula au magonjwa haziwezi kuondolewa zote. Lakini sijui utafiti mwingine wa mamalia wa porini ulioichukua nadharia ya uzee kutoka karatasini na kuipima mwitu, kwa mnyama huru, kwa uvumilivu wa kiasi hicho.

Swali la Sapelo sasa linamhusu mnyama wa kwetu. Fuko asiye na manyoya, anayechimba mashimo katika nchi kame za Kenya, Somalia na Ethiopia, ni mdogo kama panya, lakini chini ya ardhi hafikiwi kirahisi na maadui. Wapo mafuko wa jamii hiyo waliotunzwa maabara wakaishi zaidi ya miaka 30, na Jennifer Jarvis, aliyefungua njia ya kuwachunguza, alianza kazi hiyo akiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Nairobi katika miaka ya 1960. Ni mfano ule ule wa hoja ya Medawar na Williams, ila umekwenda mbali kuliko oposumu alivyoweza. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu uzee wake imetoka katika vizimba vya Marekani na Afrika Kusini. Vijana wanaosomea wanyamapori katika vyuo vya Kenya na Tanzania wana mnyama huyo mlangoni, na wana mfano wa Hartman aliyekesha na wa Austad aliyezunguka na antena yake. Waende Isiolo na Samburu, wakamtafiti mahali anapoishi, na vyuo vyao viwape fedha ya kukaa huko miaka ya kutosha.